Ngamia na Kasuku Mbele ya Mkaguzi

Wakoloni walizoea kusema sisi Waafrika hatuna kumbukumbu. Mie ninayo. Ilikuwa Juni 1938, Temeke, katika banda la makuti alilotuazima jirani mmoja, Sadallah. Humo niliwafundisha kusoma makuli kumi na mmoja wa bandarini, alasiri wakitoka kazini, bila kibali. Siku hiyo mkaguzi wa serikali alikuja kuamua: tupewe kibali, au banda lifungwe.

Wiki nzima tulikuwa tumekariri somo moja la kitabu cha serikali. Kasuku wa msituni ana rangi nzuri, husema anachofundishwa. Ngamia wa jangwani hubeba mzigo, hukaa siku nyingi bila maji, wala halalamiki. Niliwaonya: jibu ndilo hilo, msiongeze hata nukta.

Mkaguzi akanyoosha fimbo yake. "Wewe mzee. Ngamia anamshinda kasuku kwa sifa gani?"

Akasimama Mwinjuma, mkubwa wetu kwa umri, mabega yamechubuka kwa magunia. Ujanani alifika Adeni, akichochea makaa melini.

"Bwana, ngamia mie nimemwona. Kulalamika analalamika, tena kwa sauti. Hupakiwa akiwa amepiga magoti. Mzigo ukizidi, hainuki. Mtampiga, mtachoka nyie. Mpaka mpunguze."

"Kumbe kuli mwenzetu!" Shomari akadakia kutoka nyuma. Banda zima likacheka.

Mkaguzi hakucheka. "Hayo yamo kitabuni?"

"Hayamo, Bwana. Aliyeandika labda hajampakia."

Mkaguzi akafunga daftari, akanitazama mimi. Nikawaona akilini watu wangu, banda limefungwa, wakirudi kusomewa barua zao na watu baki.

"Keti, Mwinjuma," nikasema. "Umesahau somo."

Hivyo hivyo, bila hata kumwita mzee, mimi rika la mwanawe. Kisha nikalitoa jibu la kitabu mwenyewe, neno kwa neno, mikono nyuma.

Kibali tukapewa, na muhuri wake.

Kesho yake nilimfuata Mwinjuma nyumbani kwake, Mtoni. Akaitikia shikamoo yangu, akanipa kigoda.

"Mzee, leo tunaanza ukurasa mpya."

"Endeleeni, mwanangu. Mie nilidhani nimeulizwa."

Hakurudi tena darasani. Mwaka uliofuata makuli waligoma. Wanafunzi wangu kumi waliandika majina yao kwa mkono wao kwenye barua ya madai. Mwinjuma, aliyewaongoza, aliweka dole gumba.