Laini Moja, Nyumba Mbili

Nikutegee. Nina mbuzi aliyefungwa kamba moja tangu hapa Lodwar mpaka Nairobi. Hali majani, hanywi maji, na akilia sharti nimshike sikio ndipo anyamaze. Usione haya kubahatisha. Umesema simu? Basi umeshinda na mji ni wako. Chukua huu wa Lodwar na jua lake lote, na vumbi usituachie.

Mwaka wa tisini na nane mbuzi huyo alikuwa analala chumbani kwangu. Binti yangu Akai, mwalimu wa shule ya msingi, alijenga nyumba ya mabati, kisha akanijengea mimi chumba cha makuti ya mikoma ng'ambo ya ua, kwa sababu mabati hunichemsha ubongo. Kwa kuwa yeye hushinda shuleni, alivuta waya wa simu kutoka nyumba kubwa hadi kwangu, ili mtu akipiga mchana awepo wa kumpokea. Kompyuta ilibaki kwake sebuleni, imefunikwa kitambaa kama maiti ya mtu mwenye heshima. Akai aliachiwa na daktari mmoja aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Pembeni yake palikuwa na kisanduku kinachoitwa modemu, na kazi yake ilikuwa kuzipitisha barua za kompyuta ndani ya waya wa simu hadi zifike kwa watu walio mbali ambao miguu yangu haitawafikia.

Ukutani palikuwa na tundu moja tu. Akai akitaka kutuma barua, alichomoa simu yangu, akachomeka modemu. Nikikuta simu imekufa hunung'unika, na Akai hunyamaza, maana ananijua. Kisha siku moja radi ilipiga na modemu ikaungua. Mpya ilikuja kwa basi kutoka Nairobi, imefungwa ndani ya blanketi, na fundi Omollo akaja kuifunga. Nikamshika kiwiko.

"Omollo mwanangu, hakuna namna simu yangu isiwe inakufa kila barua ikisafiri?"

"Kwani nyanya kuna mzee anakuchumbia?"

"Wapo wawili. Nataka wapate nafasi sawa."

Alicheka, akatoa mfukoni kichomeo chenye midomo miwili, mmoja wa modemu na mmoja wangu. "Sasa mtakula sahani moja," akasema. Akaijaribu mimi nikiwa kanisani, barua ikaenda, akalipwa chai, akaondoka.

Tangu siku ile hakuna barua nyingine iliyopita. Akai alijaribu asubuhi, akajaribu jioni. Modemu ilipiga kelele zake, ikashika, halafu ikakatika.

Sasa nikwambie kwa nini sikutaka simu ile ilale hata kidogo. Nina mtoto wa kiume, Ejore, dereva wa malori Lokichoggio. Miaka miwili kabla ya haya alinipigia. Alinisalimia salamu ndefu, ya mtoto aliyelelewa, akaulizia magoti yangu, akaulizia mbuzi. Kisha akasema ameoa mwanamke wa ng'ambo ya Nadapal, kule mpakani na Sudan, na kwamba mkewe amejifungua. Watu wa ng'ambo ile ndio waliosomba ng'ombe wa baba yake, na baba yake alibaki huko huko malishoni, hatukumrudisha hata kumzika. Nikaweka simu chini. Ejore alikuwa bado anasema. Mkono wangu ulipokuwa unashuka niliisikia sauti yake, ndogo kama nzi ndani ya kibuyu, kisha ikazimika. Hakupiga tena. Na mimi, mtu mzima niliyemaliza darasa la saba nikajua kusoma na kuandika, sikumwandikia hata mstari. Hasira ni mgeni anayekuja na godoro lake. Ukimkaribisha usiku mmoja, hamalizi safari.

Juma lile la modemu mpya simu yangu ilianza tabia ngeni. Hailii sawasawa. Inafanya ti-ti-ti, kama mtu anayekohoa mlangoni asiyejua kama atakaribishwa. Nikasema moyoni, huyu ni mwenye aibu. Kwetu salamu haiachwi chini. Hata adui akikusalimia kisimani unamwitikia kwanza, mengine baadaye. Nikanyanyua kila mara. "Ejok," nikasema. Upande wa pili palikuwa na mvumo kama mchanga unaomwagwa juu ya bati, halafu kimya. "Ejok, ejok-nooi." Kimya. Nikairudisha simu mahali pake na kukaa karibu nayo, maana mwenye aibu hukohoa mara ya pili.

Ijumaa ilipofika, shule zikiwa zimefungwa, Ayen alikuja tangu asubuhi. Ayen ni mama kijana wa Kisudani kutoka kambi ya Kakuma, mrefu hata mlangoni kwangu huingia akiwa amejikunja kama anayesali. Kaka yake, Awan, alikuwa amepata makao Kanada na alikuwa anajaza fomu za kumwita dada yake. Barua yake ilikuwa imeingia kabla ya radi. Aliuliza swali moja: aandike watoto wawili au watatu? Wawili ni wa tumbo la Ayen. Wa tatu, Ayak, ni yatima wa dada yao. Fomu ilikuwa inafungwa Ijumaa hiyo, na ambaye jina lake halimo angebaki. Nambari ya simu ya Awan hawakuwa nayo, walikuwa na anwani ya kompyuta tu. Kibali cha Ayen cha kutoka kambini kilikuwa kinaisha siku hiyo hiyo, na lori la mahindi lililomleta lilikuwa linarudi Kakuma saa nane.

Jibu lake lilikuwa neno moja. Akai alikwisha kuliandika kwenye kompyuta: Watatu. Lilikuwa limekaa pale kwenye kioo linamngoja Omollo.

Omollo alivua shati, akabaki na fulana. Alikagua nyaya tangu ukutani hadi juu ya nguzo. Ayen alikaa kidogo sebuleni akimtazama, kisha akaona anamzidishia jasho, akaja kukaa nami chumbani, juu ya kigoda cha Ejore. Nikampa chai ya maziwa. Dirisha langu linatazamana na dirisha la Akai, kwa hiyo tulisikia kila kitu.

"Haya, mwalimu, bonyeza," alisema Omollo kule.

Ti-ti-ti, ikafanya simu yangu. Nikanyanyua. "Ejok."

"Imeshika," Omollo akasema. "Imeshika... Aa. Imekatika."

Ayen alinitazama mkono. Akatazama dirisha. Akanywa chai.

Tukazungumza habari za mvua. Baada ya muda simu ikakohoa tena, nikanyanyua tena, na kule Omollo akaguna kama mtu aliyekanyaga mwiba. Ayen akaweka kikombe chini taratibu.

"Haboba," akasema, maana ndivyo wanavyomwita nyanya huko kwao, "wewe unangoja nani hii simu?"

"Mtoto wangu."

"Yeye amepotea?"

"Hajapotea. Nilimkatia maneno mdomoni."

Alifikiri. Hakuonyesha kushangaa, wala hakunihurumia kwa sauti. "Na sasa akipiga kweli, utamwambia nini?"

Miaka miwili nilikuwa nimelitayarisha sikio langu, mdomo sikuutayarisha hata siku moja. Nikaokota kikombe chake na kumwongezea chai ambayo hakuiomba.

Omollo alitoka uani akijifuta kwa fulana. Akai alimfuata, kalamu bado imo mkononi.

"Modemu yenyewe ni mbovu," Omollo akasema. "Nimejaribu mara tisa. Inashika, inakata. Lazima irudi Nairobi."

"Itachukua muda gani?"

"Siku kumi, kama basi halijakwama mtoni."

"Fomu inafungwa leo, Omollo."

"Mwalimu, mimi ni fundi. Miujiza iko kwa padri."

Ayen alisimama. Aliikunja karatasi yenye anwani ya kaka yake mara mbili, akaitia kwenye pindo la nguo na kulifunga fundo. Kisha akainama kuchukua furushi lake. Alipoinuka macho yetu yakakutana, na hapo ndipo nilipojua kwamba anajua. Alikuwa ameuona mkono wangu mara mbili na kuisikia sauti ya Omollo mara mbili. Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Sudan na mtoto wa dada yake mgongoni hashindwi kujumlisha mambo mawili. Lakini mimi ni mkubwa kwake, na ni nyumbani kwangu, na alikuwa amekunywa chai yangu. Alikuwa tayari kurudi Kakuma na watoto wawili kwenye fomu kuliko kumwaibisha bibi kizee mbele ya binti yake. Hakunitaja.

Nimekula chumvi nyingi, lakini heshima ya ukubwa ule sijawahi kupewa.

"Omollo," nikasema, "rudi ndani ujaribu tena."

"Nyanya, nimesema mara tisa."

"Mara zote tisa ni mimi."

Nikawaeleza. Simu inakohoa, nami naitikia. Omollo alianza kucheka, akaona uso wa Akai, akaacha. Akajipiga kipaji cha uso.

"Ni ule mdomo wa pili," akasema. "Laini ni moja. Modemu ikizungusha nambari ya Nairobi, kengele yako inatekenyeka. Ukinyanyua, sauti ya chumba chako inaingia katikati ya mazungumzo yao. Nyanya umekuwa ukiisalimia kompyuta."

"Na haikuitikia. Haina adabu."

"Nakuja kuichomoa."

"Usiichomoe."

Akai akaniita, "Mama," kwa sauti ile anayowaitia wanafunzi.

"Kufungwa mikono ni jambo moja," nikamwambia, "kuikunja mwenyewe ni lingine. Lakini barua si yangu. Ayen aseme. Akisema ichomolewe, naichomoa mimi."

Ayen alilitazama jua lilipofika. Akaweka furushi chini. "Acha haboba akae na simu yake," akasema.

Wakarudi ndani, Ayen pamoja nao. Nikabaki peke yangu. Niliikalia mikono yangu yote miwili, viganja chini, kama mtoto aliyekatazwa chungu cha moto.

Ti-ti-ti.

Kichwa changu kilijua kwamba ni kompyuta. Sikio halikujua. Sikio lilimwona Ejore amesimama kwenye kibanda cha simu Lokichoggio, sarafu mkononi, vumbi la lori kwenye nyusi, anakohoa, anasubiri. Ti-ti, ti-ti-ti-ti. Nikasema salamu kimoyomoyo, na kinywa nikakifumba. Kwa mara ya kwanza nilielewa kelele ile ilivyo upande wa pili, ukiita mtu unayejua yupo, na yupo kweli, na anakusikia. Ejore alikuwa amekaa upande huo miaka miwili. Mimi nilikaa hapo kwa muda wa kuchemsha chai, na machozi yalikuwa yamekwisha kufika kidevuni.

Simu ikanyamaza. Kule dirishani hakuna aliyesema imeshika, hakuna aliyesema imekatika. Nikamsikia Omollo akihema.

"Imekwenda," Akai akasema.

Ayen hakupiga kigelegele. Alitoka uani, akachuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, akafunika uso kwa mikono. Akai alimwacha. Omollo akavaa shati, akafunga vifungo vyote hadi cha shingo.

Lori lilikuja kabla ya saa nane, honi yake ikitangulia kama kawaida ya madereva wa njia ile. Nilimsindikiza Ayen mpaka barabarani, goti langu likilia, tukishikana mikono. Hatukuzungumza habari za modemu. Alisema akifika atamsuka Ayak nywele, kwa kuwa picha za fomu zitapigwa karibuni na mtoto yule anachukia kuchana. Nikampa kibuyu cha maziwa. Wenzake walimvuta juu ya magunia, akakaa na kunitazama kutoka kule juu, jua likiwa nyuma ya kichwa chake, lori likiwa limeelekea Kakuma na Lokichoggio.

Dereva akawasha injini.

"Ayen," nikasema, "uliniuliza nitamwambia nini."

Akainama, mkono sikioni, kwa sababu ya mngurumo.

"Nitamwuliza mtoto wao wanamwita nani."