Maji ya Baraka na Nyati wa Kigango

Katika mtaa wa San Roque, mjini Iloilo, hakuna mtu anayeanza kutumia kitu kipya kabla padri hajakinyunyizia maji ya baraka. Pikipiki hubarikiwa, duka hubarikiwa, na mwaka juzi Manang Purita (Manang ni dada mkubwa, kama Manong alivyo kaka mkubwa), mwenyekiti wa halmashauri ya kigango, alimwita Padri Anselmo aje kubariki jokofu lake, akamfungulia mpaka sehemu ya barafu. Kwa hiyo Manong Delfin Magbanua, fundi feni, aliposema kwamba roboti ya vijana wake nayo lazima ibarikiwe asubuhi ya mashindano, hakuna mtu mzima aliyeshangaa. Walioshangaa ni vijana, na hao Delfin hakuwauliza.

Delfin alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na elimu yake ya umeme ilikuwa na miezi kumi na minne. Feni alikuwa akizitengeneza tangu ujanani kwa kuzisikiliza tu zinavyonguruma. Uzeeni akajiandikisha masomo ya jioni kwenye jengo la manispaa, akakaa dawati moja na vijana waliomwita babu, akafundishwa na mwalimu aliyezaliwa mwaka ambao yeye alifunga ndoa. Akafaulu kwa alama tisini na moja. Swali la kwanza la mtihani liliuliza ni kitu gani kisisogezwe karibu na saketi iliyo wazi. Delfin alijibu, kwa mwandiko mzuri: maji.

Cheti alikitundika ukutani kando ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, chini kidogo kwa heshima. Kila alipopiga magoti kusali, jicho moja lilikuwa kwa Bwana na la pili kwenye cheti. Dhambi hiyo aliiungama kila mwezi, na padri alishaizoea.

Ni cheti hicho kilichompa ujasiri wa kuanzisha timu ya roboti. Vijana sita wa mtaani walijitokeza, na Manang Purita akawapa chumba cha nyuma ya kigango, mahali bendi ilipokuwa ikiweka ngoma zake. Alikitoa kwa sharti.

"Miezi sita, Delfin. Siku ya mashindano ya mji, hiyo mashine yenu ifanye kazi moja mbele ya watu. Moja tu. Ikishindwa, ngoma zinarudi chumbani."

Vijana hawakuwa na chumba kingine. Nyumba zao zilikuwa na meza moja moja, na juu ya meza hiyo watu walikula, walipiga pasi na kuogesha watoto. Delfin naye, kama Mungu angemuuliza, angekiri kwamba tangu wanawe wahamie Manila hakuwa amepata kitu cha kumfurahisha kama zile jioni tatu za wiki.

Siku ya kwanza aliwaambia kwamba roho ya timu ni kushirikiana. Alilieleza jambo hilo kwa dakika arobaini, peke yake. Baada ya hapo, kila kijana aliposhika bisibisi, Delfin alisema, "Lete nikuonyeshe," akaonyesha mpaka kazi ikaisha. Kitu pekee ambacho hakukigusa ni programu, aliyoiandika Lorelie, msichana wa miaka kumi na minne, na hiyo aliiacha kwa sababu hakuielewa hata kidogo. Roboti walimwita Nyati, kwa kuwa alikuwa mpana, mwenye kichwa cha chini, na alikwenda taratibu kama nyati wa kufugwa anayelima mashamba ya mpunga.

Wiki ya mashindano Delfin, kama ilivyo desturi ya huko, alimpelekea Mtakatifu Klara mayai kumi na mawili ili mvua isinyeshe. Jumamosi kulikucha kweupe, hakuna hata wingu. Kuhusu maji ya padri, hakukumbuka kumwomba Mtakatifu Klara chochote.

Baada ya Misa ya asubuhi walimweka Nyati juu ya kitambaa cheupe mbele ya altare.

"Manong, tumfunike na nailoni kwanza," Lorelie alinong'ona.

"Neema haipiti kwenye nailoni, Inday," Delfin alisema, akimwita kama baba amwitavyo binti.

"Basi tumzime."

"Abarikiwe akiwa hai. Wewe ulibatizwa ukiwa umelala?"

"Ndiyo," Lorelie alisema. "Mama anasema nililala mwanzo mpaka mwisho."

Padri Anselmo alikuwa mtu wa mkono mzito. Alinyunyiza mara moja kwa Baba, mara moja kwa Mwana, na kwa Roho Mtakatifu akarudia, kwa ajili ya waliochelewa. Nyati akatikisika, akatoa mlio kama wa mbu, na harufu ya waya unaoungua, ambayo Delfin aliijua kuliko jina lake, ikapanda kwenye uvumba. Taa zote za kijani zikazimika.

Kina mama wa novena wakafanya ishara ya msalaba.

"Angalau amekufa katika hali ya neema," alisema Jomel, mchekeshaji wa timu.

Walimkimbiza chumbani. Ilikuwa saa moja na nusu, na mashindano yalikuwa saa nane mchana. Delfin alihisi alama zake tisini na moja zikimdondoka moja moja. "Mchele!" alisema. "Tumzike kwenye mchele, utanyonya maji."

"Simu ya mama ilizikwa kwenye mchele," alisema Bimboy, mdogo kuliko wote. "Haikufufuka."

Lorelie alikuwa ameshang'oa betri, akagusa bodi iliyolowa na kulamba ncha ya kidole. "Si maji tu. Padri anatia chumvi kwenye maji ya baraka, sivyo?"

"Kama mapadri wa zamani," Delfin alisema kwa unyonge. "Chumvi maana yake ni kuzuia uharibifu."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi.

"Maji yatakauka, chumvi itabaki juu ya bodi," Lorelie alisema. "Lazima tumwoshe. Kwa spiriti."

"Spiriti nyingi hivyo tutapata wapi sasa hivi?" Jomel aliuliza, halafu wote wakageuka kutazama mlangoni. Kina mama wa novena walikuwa bado wameketi ndani ya kigango, na hakuna mama wa Iloilo anayetoka nyumbani bila kichupa cha spiriti ya kupaka mikono. Bimboy akachukua kapu la sadaka, akapita benchi kwa benchi: "Kidogo tu, Manang, kwa ajili ya marehemu." Alirudi na vichupa kumi na tisa, kimoja kinanukia waridi.

Delfin akanyoosha mkono kuchukua bisibisi. Lorelie akaivuta nyuma.

"Samahani, Manong. Leo tuache sisi."

Maneno "lete nikuonyeshe" yalishafika kwenye meno. Akayameza. Kwa siku moja alikuwa ameshaonyesha vya kutosha. "Basi mimi nifanye nini?"

"Kwenye karakana kuna feni ngapi?"

"Kumi na moja. Za watu."

"Zinafanya kazi?"

Hilo lilimgusa pabaya. "Zote!"

"Zilete."

Akazisukuma kwa mkokoteni, safari tatu, huku akisali rozari kuwaomba radhi wenye feni. Aliporudi, Jomel alikuwa akisugua bodi kwa mswaki, mmoja akishika tochi, mwingine akihesabu skrubu, na hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Feni kumi na moja zikapangwa kumzunguka Nyati kama waombolezaji. Manang Purita akaingia, akasimama mbele ya ile ya bluu.

"Delfin, hii si ile feni yangu uliyosema inasubiri kipuri?"

"Ndiyo, Manang."

"Mbona inazunguka vizuri?"

"Tangu mwezi jana, Manang. Nilikuwa huku na vijana jioni, nikasahau kuirudisha. Nikaona aibu, nikadanganya."

"Nitaizungumzia baadaye," alisema Manang Purita, akaigeuza feni kidogo ili imwelekee Nyati vizuri.

Saa sita taa za kijani zikawaka. Lakini mota ya gurudumu la kushoto ilikuwa imedhoofika, na Nyati, akiambiwa aende mbele, alikwenda akipinda kushoto.

Kwenye uwanja wa mpira wa kikapu makocha walisimama nyuma ya mstari wa njano, hawaruhusiwi kugusa kitu. Kazi zilikuwa sita, na ya kwanza ilikuwa kusukuma kisanduku cha dawa mpaka kiingie kwenye duara. Zilibaki dakika nane. Kubadilisha mota ni kazi ya dakika ishirini, na Delfin alijijua: angeianza hata hivyo. Vijana wakakutanisha vichwa. Alisikia "kura", akainua mkono.

"Shusha mkono, Manong," Jomel aliita. "Makocha hawana kura."

Wakamweka Nyati upande, uso ukielekea meza ya waamuzi. Watu wakacheka. Delfin akafumba macho. Hakuomba ushindi, aliomba afungwe mdomo.

Alipofumbua, Nyati alikuwa akipinda polepole, uwanja mzima, kama nyati anayeijua njia ya kwenda topeni. Mpindo wake ukamfikisha sawasawa kwenye kisanduku cha dawa. Akakikosa. Akarudi nyuma, akakipata, akakisukuma mpaka nusu yake ikaingia kwenye duara. Mwamuzi akainama, akapima, akainua bendera ya kijani. Nyati akaendelea mpaka ukutani, akabaki hapo akisukuma ukuta, na zile kazi nyingine tano hakuzigusa kabisa. Timu zilikuwa kumi na tano. Wao walikuwa wa kumi na nne, na wa kumi na tano walifika muda umeisha.

"Moja," alisema Manang Purita. "Nilisema moja. Chumba ni chenu. Feni yangu naichukua leo hii."

Padri Anselmo akaja akitabasamu, mkono ukiwa mfukoni, akitafuta chupa ya maji ya baraka ili ashukuru ipasavyo. Vijana wote sita walishamfunika Nyati: wawili kwa mwavuli, Jomel kwa shati lake, wengine kwa migongo yao. Hakuna aliyewapanga.

"Padri, tubariki sisi," Lorelie alisema. "Sisi hatuna waya."

Padri akawabariki kwa mkono wake uleule mzito. Delfin, aliyesimama nyuma ya wote, alipata sehemu kubwa ya maji usoni. Yakamtiririka mpaka mdomoni, akayaonja.

Kweli yalikuwa na chumvi.