Kilatini cha Machinjioni

"Ameanza tena," alinong'ona mchuna ngozi, na machinjio yote yakageuza shingo. Mwanamke mwosha utumbo alikuwa ameinamia karai lake, mikono imezama kwenye uchafu wa ng'ombe mpaka viwikoni, midomo ikicheza: "Puella aquam portat. Canis puellam videt."

Hakuwa akimroga mtu. Alikuwa akijifunza Kilatini. Jirani yake, padri mstaafu, alimpa kitabu cha wanaoanza, chenye hadithi nyepesi zinazopanda ngazi polepole, na sharti moja: asitafsiri, arudierudie mpaka aione picha. Basi alirudia, hata kazini. Shule aliiacha kabla meno ya utoto hayajamwisha, na tangu hapo kila mtu alikuwa mbele yake katika kila kitu. Ila Kilatini, hata daktari akikianza leo, ataanzia kwa msichana yule yule wa kitabuni na ndoo yake ya maji. Jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi.

Mara kisu kikamponyoka mpasua nyama, kikamfungua kifundo cha mkono hadi mfupani. Damu ikaruka ukutani. Kaka yake, mchinjaji mkuu, hakutafuta kitambaa, alitafuta wa kulaumiwa.

"Wewe mama! Umemfanya nini mdogo wangu?"

Akamkamata kisogo, akamzamisha uso kwenye ndoo ya damu, akamtoa, akamzamisha tena. Jino likavunjikia ukingoni.

"Tegua! Tegua ulichotega!"

"Kaka, ni hadithi tu! Puella..."

Wakaruka nyuma wakipiga kelele. Mmoja alirudi na teke, likatua mbavuni. Kila neno la Kilatini lilimzidishia kipigo, na kisu cha mchinjaji kikafika kooni.

"Sema kwa Kiswahili!"

Hakuwahi kuyasema kwa Kiswahili, hata peke yake. Alihema, akatafuta maneno.

"Msichana anabeba maji. Mbwa anamwona msichana. Msichana... anaogopa."

"Halafu?"

"Basi. Mbele ya hapo sijashika vizuri."

Mchuna ngozi ndiye aliyecheka kwanza, kisha wote, hata majeruhi aliyekuwa akifungwa mkono. "Mama mtu mzima, na hadithi ya ndoo!" Kicheko kile kilimuuma kuliko teke, na aliwachukia wote, mmoja mmoja. Mchinjaji peke yake hakucheka. Aibu ilikuwa imempanda kichwani, akamchapa kofi lililomlaza sakafuni.

"Nikikusikia tena, nakuchinja kama hawa ng'ombe. Umesikia?"

"Nimesikia."

Na alimwamini, maana yule bwana hakuwa na mazoea ya kutishia bure.

Akajikokota mpaka kwenye karai. Visu vikaanza kazi upya, lakini macho yote yalikuwa midomoni mwake. Mbavu zilimchoma kila alipovuta pumzi. Kunyamaza kulikuwa rahisi, na alikuwa na watoto nyumbani. Lakini msichana alikuwa bado amesimama njiani, mbwa mbele yake, na humo ndani hakuna mwingine aliyeweza kumsogeza hata hatua moja.

Akatema damu. Akavuta utumbo mwingine, akaupindua, akaianza ile sentensi ambayo hakuwa ameishika vizuri, kwa sauti.

Visu vikanyamaza, kimoja baada ya kingine.