Majani ya Upande wa Kitanda

...na dirisha nililifunga mwenyewe, komeo liko chini, pazia halijatikisika, kwa hiyo si upepo, na paka hatuna, mzee hapendi paka, na mimi ndiyo kwanza naingia na beseni la maji, taulo begani, sijafika hata karibu na kopo la mmea, sasa nani amekigusa kifauongo, nacho hakijikunji bila kuguswa, mbona majani ya upande wa kitanda yamejikunja yote na ya upande wa dirisha yamekaa wazi yanaota jua kama hayana habari... "Mama, kuna mabadiliko yoyote wiki hii?" binti wa mazoezi ya viungo ananiuliza kutoka bafuni, ananawa, huyu hunawa hadi viwiko utadhani anakwenda kupasua mtu, "maana kama hakuna, leo ndiyo mara yangu ya mwisho, kuna wagonjwa wengine wananisubiri," bomba linamwaga maji, ana muda wake, ngoja kwanza, ngoja... mume wangu amelala chali, amefumba macho, mkono wa kushoto uko juu ya shuka pale pale nilipouacha asubuhi, au si pale pale, niliuacha kiganja kikiwa juu, nilikuwa nampaka mafuta, na sasa kiganja kimelala chini na vidole vimeelekea kwenye kopo. Amegusa. Mkono ule ule waliosema umekufa, amegusa, halafu amefumba macho nisijue... mbegu alizileta huyu huyu binti, kwenye kikaratasi, akaniambia ziloweke kwenye maji ya moto usiku kucha, ganda lake gumu, uzipande juu juu tu, zikiota uweke kopo upande wa mkono mbovu, mama, mgonjwa akiona kitu kinachomjibu atatamani kukigusa, nikasema sawa mwanangu, nikaloweka, nikatoboa kopo la maziwa kwa msumari, nikapanda, na kilipoota nikakipenda kuliko nilivyotegemea, maana kila asubuhi nilivuta kiti nikakaa hapa mbele yake nikagusa jani moja moja, taratibu, namtazama usoni, nikamwambia unaona, hata jani linajua kujisogeza, gusa na wewe basi, si wewe ndiye mwenye mkono, chozi likamtoka jicho moja likateremka hadi sikioni, nikaliacha likauke lenyewe, nikaenda kunywa chai yangu, na ilikuwa tamu chai ile, kwa nini niseme uongo...

Shoto, ndivyo walivyomwita kule kinyozini kwake, Shoto ana mkono laini, watoto wanasinzia kwenye kiti akiwanyoa, kina mama waliokuwa wakiwaleta wakaniambia una bahati mwenzetu, nikacheka nao, poda nzito kwenye shavu la kulia, la kulia siku zote, anayepiga kwa kushoto humpata mwenzake kulia, na alikuwa na adabu zake bwana, alivua pete kwanza akaiweka juu ya kabati isije ikaacha alama, nikawa nausikia mlio ule mdogo wa pete kwenye mbao hata nikiwa jikoni na redio inaimba, mabega yanapanda yenyewe hadi masikioni, kabla sijajua nimekosa nini... na siku alipoanguka mashine ilikuwa bado inaunguruma mkononi, mteja akabaki amenyolewa nusu kichwa, daktari akatuambia upande wa kushoto umepooza, shemeji yangu akaangua kilio pale koridoni na mimi nikauma mkono wa gauni langu, kila mtu akadhani nami nalia, masikini, wakanipa maji, nilikuwa nazuia kicheko...

"Mama?" "Nakusikia, mwanangu, naweka beseni." Nimeweka. Kumbe umekuwa ukifanya mazoezi nikiwa sipo, mume wangu, mimi nikienda sokoni wewe unatambaza vidole kwenye shuka kama mwizi, unagusa, majani yanajikunja, unasubiri yafunguke, unafumba macho ukisikia ufunguo mlangoni, leo tu umekosea hesabu, leo binti kaja mapema na mimi nimeingia kabla majani hayajafunguka, na kwa nini umfiche hata yeye, yeye angefurahi, angepiga makofi, angeita na mwenzake, unamficha kwa sababu yeye ataniambia mimi, na wewe unataka mimi nijue mwishoni kabisa, nikiwa nimekuinamia na kijiko cha uji... na taulo mbona liko sakafuni, lilikuwa begani, sijalishika, beseni lilikuwa mikononi, lakini limeanguka, bega limeruka likaliangusha, lini, nilipoyaona majani tu, kabla sijawaza hata neno moja, mwili umeshaelewa... miezi yote hii najiona bibi wa nyumba, nakula kwa nafasi, nalala katikati ya kitanda, nikasema nimepona, kumbe jani limejikunja tu huko nami nimejikunja huku. Nakuchukia kwa hilo kuliko kwa makofi.

Binti akitoka ataona. Atatazama majani, atatazama dirisha, si mjinga yule, ataninong'oneza kwa furaha, mama, ameanza, na atakuja kila wiki, atavinyoosha vile vidole kimoja kimoja, atavipa nguvu, kwa mkono wake mwororo atanirudishia ule mkono wote, na pete bado iko juu ya kabati... sogea hapa, kifauongo changu, samahani, napitisha kiganja chote, ya upande wa dirisha pia, vimiiba vinanichoma, sawa, yote yamefunga, yote sawasawa, nilikuwa napangusa vumbi bwana, nani atajua. Amefumbua macho. Ameniona. Mdomo unahangaika, ma, ma, mwisho wa maneno yake ni hapo, na vidole vinarudi nyuma polepole, vinaingia chini ya shuka, vinanikimbia, vizuri, kimbia na wewe uonje, nimeinama namtazama machoni kwa karibu, naipaza sauti ifike bafuni, "Hakuna, mwanangu. Hakuna mabadiliko yoyote," chozi limeshaanza safari yake ya sikioni, bomba bado linamwaga maji, na mabega yangu bado hayajashuka...