Mashine ya Kuona Ndani

"Piga hiyo picha!" Machibya alimfokea Generoza, kidole kikiwa usoni pa Bibi Milembe. "Jana si ulijisifu mashine yenu inaona ndani? Mfumu, mganga wetu, anachana kuku, anasoma tumbo lake. Wewe msomi, soma la huyu."

Jana hiyo, Generoza, aliyekuja Mwamapalala likizo, aliulizwa chuo kikuu anasoma nini, naye, mjinga wa watu, akajibu. Kwamba wanapitisha elektroni kwenye kipande cha kitu, chembamba kuliko unywele, zinatokea upande wa pili na kuacha madoa kwenye picha bapa. Kwamba kompyuta, ikishaoneshwa madoa mengi, inajifunza kusema kila kitu kimekaa kina gani ndani. Watu walibaki na neno moja tu: ndani.

Na ng'ombe wa Machibya walikuwa wamekufa, zizi zima. Josho la kijiji lilikauka tangu serikali iseme kila mfugaji ajinunulie dawa, na kupe wakanenepa. Lakini kupe hana macho mekundu. Bibi Milembe, mama yake wa kambo Machibya na bibi yake Generoza, alikuwa nayo, kwa moshi wa jikoni. Kwa macho hayo vikongwe wamekatwa mapanga, na kila aliyekaa uani pale alilijua hilo.

"Baba mdogo, ng'ombe wameuawa na ndigana, homa ya kupe!" Generoza alisema kwa hasira. "Na ile mashine haimjui mtu. Inajibu ilichofundishwa. Ukiifundisha uongo, itakujibu uongo bila aibu."

"Nani anaifundisha?"

"Sisi. Tunaipa picha na jibu lake, tena na tena, mpaka ishike."

Machibya akacheka, cheko baya. Akawageukia watu.

"Mmemsikia? Picha hiyo hapo imekaa." Akamwonyesha bibi. "Jibu lake nini?"

"Mchawi," wakajibu wachache.

"Jibu lake nini?"

"Mchawi!" Safari hii hata watoto waliitikia.

Generoza akamshika bibi yake mkono, akamwinua. Alikuwa mwepesi mno.

"Tunaenda wapi, mjukuu wangu?"

"Mjini, Bariadi. Twende tu, bibi. Usigeuke."

Njia ya kutokea ilipita katikati ya watu wale. Hakuna aliyesogea. Walisimama hapo, bibi na mjukuu, jua likiwachoma. Kisha Benedikta, mke wa Machibya, bila kumtazama yeyote, akavuta kigoda chake pembeni.