Milioni Moja, Elfu Kumi na Nane, Themanini na Moja

Mama Libérata aliuza maziwa katika mji wa Rubaya miaka thelathini kabla hajaingia darasani. Alikuwa na miaka hamsini na miwili alipojiandikisha kwenye masomo ya watu wazima, alasiri, katika jumba la parokia. Somo lililomnasa ni hesabu.

Mwalimu wao, Prof Séraphin, alikuwa kijana wa kuvaa shati lililopigwa pasi hata siku za matope. Siku moja aliandika ubaoni: 1 018 081.

"Hii iko nombre premier," alisema. "Ukiigawanya, kila mara inabakiza kitu. Inakubali tu moja na yenyewe."

"Prof, ulijaribu na ngapi?" Libérata aliuliza.

"Na nombres premiers zote mupaka elfu moja. Muntu akipata yenye kuigawanya, nitamubebea maziwa mupaka Rubaya juma muzima."

Darasa lilicheka, maana muuza maziwa alikuwa mmoja tu.

Tangu siku hiyo, kila alipotua bidoni lake la maziwa njiani, Libérata alitoa daftari kwenye kitenge. Saba ilibakiza moja. Moja tu! Ilimkera kama mgeni anayefika mlangoni asiingie. Kumi na moja ilibakiza tisa. Kumi na tatu, kumi na mbili. Nyumbani, mume wake, Papa Bisengimana, alimwona akichezesha midomo mbele ya chakula.

"Unafanya nini?"

"Nagawanya."

"Unagawanya nini, na tuko wawili tu?"

Baada ya wiki tatu alifika 997. Ilibakiza 144. Hapo ndipo Prof alipokuwa ameishia, na Libérata naye alikaribia kufunga daftari. Lakini akawaza: vigawanyo huja viwili viwili, kidogo na kikubwa chake. Elfu mara elfu ni milioni tu, na namba hii imepita milioni. Basi kuna nafasi ndogo iliyobaki, juu kidogo ya elfu.

Nombre premier iliyofuata ilikuwa 1009. Akagawanya. Jibu likatoka 1009, na hakikubaki kitu. Alirudia mara mbili, maziwa yakiwa juani.

Darasani aliomba chaki, akazidisha 1009 kwa 1009 polepole, mstari kwa mstari. Séraphin aliifuata mistari ile kwa kidole hadi mwisho.

"Niliona mizizi yake, ile yenye kujizidisha yenyewe, iko karibu na elfu, nikachoka," alisema. "Mama, uko na haki."

Jumatatu asubuhi Prof alifika kwa Libérata na shati lake la pasi. Kabla ya kilima cha pili bidoni lilikuwa limemkunja. Wapagazi wa madini ya koltani walipunguza mwendo wamwangalie vizuri.

"Prof, walikufukuza ku kazi?"

"Hapana. Ku hesabu nilisimama mbele ya kufika mwisho."

Siku ya tatu, walipokuwa wamekaa kupumzika, alimwomba Libérata awafundishe wenzake ile hesabu ya vigawanyo viwili viwili. Alikataa. Kesho yake akakataa tena, lakini aliuliza somo litakuwa saa ngapi.

Jumamosi alisimama mbele ya ubao, akaandika kwa nguvu hadi chaki ikakatika. Papa Bisengimana, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa lile, alikaa benchi ya nyuma, kofia magotini. Mke wake alipomaliza mstari wa kwanza, alimwinamia jirani yake na kuuliza kwa sauti ndogo kama hapa wanaruhusu watu kupiga makofi.