Kipimo cha Mama Upawa

"Leo mdomoni hakiingii kitu, msinishawishi," Mama Upawa aliwaambia wapishi wenzake huku akifunga aproni. Kesho yake alikuwa na kipimo: kamera ndogo ingepitishwa kwenye utumbo mpana kutafuta chanzo cha damu aliyokuwa akiiona chooni. Zahanati walimwambia ni bawasiri, wakampa dawa ya kupaka, wakampa tena, bila hata kumlaza wamtazame. Moyoni alijua kuna jambo. Marehemu kaka yake alianza hivyo hivyo, na ilikuwa saratani. Ndipo akaenda mwenyewe hospitali ya mkoa, wakampangia kipimo na kumwambia asile kitu siku nzima kabla yake.

Alikuwa ameomba ashinde nyumbani. Msimamizi wa jiko la shule ya bweni akamkatalia kavukavu. "Unapimwa leo au kesho?" Mtu na akili zake timamu anauliza swali kama hilo!

Basi akaingia kazini na chupa yake ya maji. Wenzake walipopakua wali, hakugusa. Chai ya maziwa akaisukuma kando. Lakini masufuria ya maharage yalikuwa mikononi mwake, na tangu aanze upishi hajawahi kutoa chakula bila kukionja. Chumvi imekolea? Kijiko. Yameiva? Kijiko kingine. Sufuria hii, sufuria ile, mchana mpaka jioni. Wala hakuona kama amevunja sharti. Alipofika nyumbani akanywa dawa ya kuharisha aliyopewa kusafisha utumbo, akakesha chooni.

"Mama, ulikula maharage?" daktari alimuuliza baada ya kuitoa kamera.

"Sijala, daktari. Nilionja tu, mimi ni mpishi."

Daktari akashusha pumzi. "Maganda yameziba, sioni mbele. Huku chini nimekuta kinyama kimeota, nimekitoa. Huko juu sijui kuna nini."

"Ndiyo saratani?"

"Tutakipima. Vinyama hivi vikiwahiwa tunavikata mambo yanaisha. Vikiachwa, baadhi hugeuka saratani, na hapo ni upasuaji, pengine na dawa kali za dripu. Na kwa ulivyonieleza yaliyompata kaka yako, wewe usichelewe kabisa."

"Basi nirudi kesho."

Muuguzi wa miadi akakwepa macho yake. Kamera ilikuwa moja kwa mkoa mzima. "Nafasi ipo baada ya miezi saba, mama."

"Miezi saba! Si nimeambiwa hapa hapa nisichelewe?" Alijilaumu, akamlaani msimamizi, akailaani na ile dawa ya kupaka. Kisha akauliza, "Hivi hao wagonjwa wa kesho huwa wanafika wote?"

Muuguzi akatikisa kichwa. "Hapana. Huyu kakosa nauli, yule kanyimwa ruhusa kazini. Wengine tukiwapigia simu, tunaambiwa wameshazikwa."

"Nipe dawa nyingine. Nangoja hapa hapa kwenye benchi."

"Mlinzi atakutoa, mama yangu."

"Aje anibebe, kama mgongo wake anauamini."

Muuguzi alicheka bila kupenda, akamletea dawa na jagi la maji, akamwonyesha choo kilipo. Simu yake ikaita, ni msimamizi. Mama Upawa akaizima. Alikunywa glasi baada ya glasi mpaka jagi likakauka, kisha akainamisha kichwa aombe. Aliona haya kwa alichokuwa akikiomba, machozi yakamtiririka, lakini hakuacha. Alimwomba Mungu mgonjwa mmoja wa kesho, asiyemjua jina wala sura, akose nauli.